Ukurasa Uliochanwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mbithe aliteremka mtoni kuchota maji. Mto huo wa karibu na Kathonzweni ulikuwa mchanga mtupu; maji yalikuwa chini, nao watu waliyachimbia. Lakini kiangazi hiki Mbithe alichimba hadi mkono ukazama mpaka begani, akapata matope tu.

Siku moja darasani alisoma kitabu cha mazingira, akashtuka. Kilikuwa na mchoro wa mto kama wao. Mchanga huhifadhi maji ya mvua, kilieleza. Ukizolewa, maji nayo hupotea. Na baba yake, Nthiwa, kazi yake ilikuwa kupakia mchanga kwenye malori!

Alitamani baba auone mchoro ule. Kitabu kilikuwa kimoja tu, na hakikuruhusiwa kutoka darasani. Alitazama huku na huku, akachana ukurasa, akauficha ndani ya sweta. Hata hivyo, jioni alipomwona baba amechoka hoi, aliogopa kuutoa.

Kesho yake Mwalimu Gakenia aligundua kwamba ukurasa haupo. Jina la mwisho kwenye daftari la waliosoma kitabu hicho lilikuwa la Jonah, mwanafunzi mwenzake Mbithe.

"Si mimi, Mwalimu! Nilikikuta hivyo!" Jonah alilia.

"Kesho uje na mzazi."

Mbithe aliinamisha kichwa.

Jioni alimpa baba ukurasa. Baba aliusoma polepole, uso ukakunjamana.

"Kwa hivyo mimi ndiye niliyekausha mto?"

"Sijui, Baba. Lakini ukurasa nimeuchana mimi, na Jonah ndiye anayesumbuliwa."

Baba aliukunja ukurasa taratibu. "Kesho twende wote," alisema.

Shuleni, Mbithe alimwomba Jonah msamaha mbele ya darasa zima. Jonah aliitikia kwa kichwa bila kumtazama. Kisha baba akasema, "Mwalimu, jana usiku niliongea na wapakiaji wenzangu. Pale tunapochimbia maji mtoni hatuzoi mchanga tena. Leo tunaifunga njia ya malori kwa mawe."

Mwalimu Gakenia aliubandika ukurasa kitabuni kwa gundi, akamgeukia Mbithe.

"Nia yako ilikuwa njema, lakini ungeniomba, ningekuja nyumbani na kitabu chenyewe. Ukichana ukurasa, msomaji anayekufuata hakuti kitu. Mchanga ukizolewa wote, anayekuja kuchota naye hakuti kitu. Kitabu hiki ni chetu sote, na mto pia. Tuvitumie tukijua kuna wengine nyuma yetu."