Kinanda Kizito cha Burumba

"Hiyo ni jeneza, Akurut. Hata rangi ni ya jeneza."

"Ni kinanda kamili, Echodu. Vibonyezo themanini na nane. Hesabu mwenyewe."

"Nihesabu nini? Hii ndogo iko na biti, iko na taa, unaibeba kwa mgongo kama gitaa. Mchagua jembe si mkulima, dada."

"Na anayelima kwa kijiko je?"

Echodu akapiga mluzi, akatazama mlangoni. Jua lilikuwa linazama upande wa Uganda na malori yalikuwa yameanza kuwasha taa. Yeye ndiye aliyembeba binamu yake kwa pikipiki kutoka Kocholia hadi hapa Burumba, kwenye chumba cha mbele cha mjane aliyesikika ana vinanda viwili vya kuuza. Hakutaka barabara imkute gizani.

Mjane mwenyewe, Mama Naliaka, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, mbali na vinanda vyote viwili. Mikono yake alikuwa ameificha ndani ya leso.

Akurut alikuwa na miaka kumi na saba. Shule ilimwishia kidato cha pili, mwaka aliofariki baba yake, lakini vidole havikuacha kusoma. Kila Jumapili alipiga kinanda cha kanisa, kile kifupi, chepesi kama mfuniko wa ndoo. Sasa chuo kimoja cha muziki huko Kisumu kilikuwa tayari kumpokea bila cheti, mradi aende kupiga piano mbele yao, Jumamosi ya wiki ya pili. Mwalimu wa huko alimsikiliza kwa simu, halafu akamwambia ukweli. Vidole vyako vimezoea plastiki. Kwenye piano kila kibonyezo kina nyundo nyuma yake, hakishuki mpaka ukisukume. Tafuta kinanda chenye vibonyezo vizito, la sivyo mkono utakufa ganzi kabla ya ukurasa wa pili.

Nafasi ilikuwa hiyo moja. Nyingine hakuijua itoke wapi.

Akaweka kidole kwenye kibonyezo cha mwisho kushoto. Akasukuma.

Kilishuka polepole, kama kidole kinachozama kwenye unga uliokandwa. Alipolegeza, kikapanda chenyewe. Kikamsukuma.

Kizito. Kizito kweli.

Lakini kilikuwa na joto... Na juu yake palikuwa na utando, kama ule unaobaki kwenye sufuria ya supu ya jana. Alipoinama akapata harufu. Si ya vumbi wala ya panya. Ilikuwa harufu ya kitambaa kilichofunga kidonda wiki nzima.

Akafuta kidole kwenye sketi.

"Mama, ni nini inafanya zikuwe nzito hivi?"

"Mzee wangu alizijaza mwenyewe," mjane akasema. "Ilikuwa nyepesi kama hiyo ingine. Akafungua moja moja, akajaza."

"Alikuwa fundi?" Echodu akauliza.

"Alikuwa na kazi yake."

"Alijaza na nini?"

Mjane akatazama barabarani. "Msichana ameuliza kama ni nzito. Ni nzito. Mnachukua ama mnaacha?"

Akurut alichukua. Kabla hawajakifunga kwa mipira ya pikipiki, mjane alikipangusa kwa kitambaa, akishika kwa ncha za vidole, uso kando. Kisha akakitupa kile kitambaa kwenye jiko. Kililia kwenye makaa, chsss, kama mafuta ya nyama.

*

Siku za kwanza, Akurut alifurahi. Kila jioni, akishamaliza kuteka maji, aliketi chumbani na kupiga mpaka mabega yaume. Mama yake alisikiliza akiwa jikoni, akiimba sauti ya pili. "Piga, mwanangu," alikuwa akisema. "Kisumu wasikudharau." Na vidole vilipata nguvu kweli. Kufikia Jumatano aliweza kupiga wimbo mzima bila kupumzika.

Ila mikono ilinuka.

Alinawa kwa sabuni ya kipande, harufu ikabaki. Akasugua kwa sabuni ya unga na majivu mpaka ngozi ikawasha. Akakamua ndimu. Bado. Ilikuwa chini ya kucha, tamu na chachu, kama pumzi ya mtu mwenye jino bovu. Akaanza kula ugali wa wimbi kwa kijiko. Mama yake akamtania, "Umekuwa mzungu kabla ya kufika Kisumu?" Akurut akacheka, akasukuma sahani kando.

Siku ya sita akakuta unywele kati ya vibonyezo viwili. Mrefu, mnene, wenye mvi. Akauvuta. Ukaja... ukaja... ukazidi urefu wa mkono wake, umelowa, na kwenye ncha yake kulikuwa na kitu cheupe kama ngozi ya kisigino.

Alikimbia nje akatapika kwenye migomba.

Kisha akarudi akapiga. Usimlaumu. Mtu mwenye mlango mmoja hachagui bawaba.

Jumatano ya wiki ya pili, kibonyezo kimoja cha katikati kikakwama. Kilishuka, hakikupanda. Ukikibonyeza kilitoa mlio mdogo, kama gegedu likitafunwa. Echodu akaja na bisibisi. Wakakilaza kinanda juu ya meza, wakafungua mfuniko wa chini.

Harufu ikawapiga usoni.

"Yesu," Echodu akanong'ona.

Chini ya kila kibonyezo palikuwa na kifurushi kidogo, kimefungwa kwa uzi mweusi na kubandikwa kwa nta. Kilichokuwa kimekwama kilikuwa kimepasuka. Ndani mlikuwa na jino la mtu, la nyuma, lenye mizizi, limezungushiwa nywele. Jino lilikuwa limelowa. Usaha ulikuwa mbichi, wa manjano, unatambaa taratibu kwenye mbao.

Echodu akabonyeza kifurushi cha pili kwa ncha ya bisibisi. Kikajikunja. Kama konokono ukimgusa.

Akurut akampigia mjane simu. Iliita muda mrefu.

"Mama Naliaka, hivi vitu ni nini?"

"Umefungua?" Sauti ilishuka. "Mtoto, kwa nini umefungua?"

"Ni vya nani?"

"Vya watu. Mzee alikuwa mganga wa pembe. Anakuchanja na wembe pale unaumwa, anaweka pembe ya ng'ombe, ananyonya, halafu anatema kwa bakuli ile kitu umerogwa nayo. Jino. Kucha. Mfupa wa chura. Mtu anaenda nyumbani mzima. Lakini kile kitu hakifi. Ukizika, kinafukuka. Ukichoma, kinarudi kwa mwenyewe. Sasa mzee akatafuta mahali pa kukigandamiza."

"Kwa kinanda?"

"Kila jioni alikuwa anaketi hapo, anavibonyeza mpaka vinyamaze. Hata hakujua muziki."

"Na wewe ukaniuzia mimi!"

"Alipokufa nikabonyeza mimi, lakini vidole vyangu vina baridi yabisi. Niliona wewe uko na vidole vizuri."

Simu ikakatika. Akurut akapiga tena. Haikupatikana.

"Hadithi za wanywaji," Echodu akasema, lakini bisibisi aliipangusa mara tatu. Walifunga mfuniko bila kugusa kitu kingine, wakakiviringisha kinanda kwenye magunia, wakakiweka kwenye stoo ya mahindi. Akurut alijisugua mikono kwa mafuta ya taa. Alijiambia haamini. Jumamosi alfajiri angepanda gari la Kisumu, angeketi kwenye piano safi, na hangepita tena Burumba maishani.

Jioni ile hakupiga. Mama yake hakuimba. Alilala mapema, akasema tumbo linamsokota.

Alhamisi hakupiga.

Ijumaa mama aliamka amevimba macho. Hakunywa chai. Mchana alijifunga kitambaa cha kanisa, akasema anaenda mkutano wa akina mama, akatoka ameinama kidogo kama anayebeba mtungi. Akurut akabaki anapanga nguo. Kwenye simu alijisikiliza alivyopiga wiki iliyopita, akatabasamu. Ilikuwa nzuri. Mwenyewe alijua ni nzuri.

Jua likafika juu ya miti.

Kuku wakanyamaza.

Kisha akaipata... ile harufu. Haikutoka stoo. Ilitoka nje, upande wa barabara, na ilikuwa inakaribia.

Hodi.

Taratibu, kama mtu anayegonga kwa kifundo kinachouma.

Alifungua. Mlangoni alisimama mwanamke asiyemjua, taya limevimba hadi jicho limefumba, leso ikiwa imelowa kwenye shavu. Nyuma yake alikuwapo mzee aliyeshika goti kwa mikono miwili. Nyuma yake, kijana aliyejikunja kiuno. Na wengine, na wengine, wamesimama kimya kati ya maharagwe mpaka kwenye ua. Wengine walikuwa na vumbi la Matayos kwenye viatu, wengine walionekana wametoka ng'ambo ya mpaka. Nani aliyewaambia nyumba, Akurut hajui mpaka leo.

Mwishoni kabisa, karibu na stoo, alikiona kitambaa cha kanisa. Mama yake alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. Miaka yote hakuwahi kutaja kuwa aliwahi kukanyaga kwa mganga. Alikuwa akitazama chini.

Akurut alitaka kumwita.

Yule wa mlangoni alilitazama begi lililokuwa limefungwa juu ya kitanda, kisha vidole vya msichana. Akavitazama sana. Usaha ulimtoka alipofungua kinywa, akaupangusa kwa aibu, akasema kwa upole, kama mtu anayeomba maji:

"Binti, tumesikia kesho unaenda Kisumu. Sasa nani atatupigia?"