Mnada wa Jogoo wa Kasha

JUMAPILI, SAA MBILI ASUBUHI

Olive aliweka kikapu juu ya meza. Akakigeuza chini juu. Akaingiza kidole pembeni na kufungua kitako cha pili, kilichofumwa kwa ustadi hata askari wa forodha asingekiona.

"Telefone inaingia hapa. Jogoo anakaa yulu. Nani atatia mukono chini ya kuku yenye kuharisha?"

Ulrich alicheka. Héritier hakucheka.

Walikuwa watatu kwenye chumba cha nyuma cha saluni ya Olive, huko Kasha, mtaa wa mji wa Bukavu. Mlango wa mbele umefungwa. Harufu ya dawa ya nywele imeganda ukutani. Olive ndiye bosi. Hajawahi kupandisha sauti, na hajawahi kukamatwa. Ulrich ni fundi wa simu. Héritier ni dereva wa pikipiki, na ni mdogo wa Olive, tumbo moja. Wameiba pamoja miaka mingi: mizigo bandarini, simu sokoni, mara moja dhahabu ya mfanyabiashara aliyelewa. Lakini hawakuwahi kuwagusa majirani zao. Leo zamu ilikuwa ya majirani.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kiangazi, moto ulikula safu nzima ya nyumba za Kasha. Asubuhi, katikati ya majivu, alibaki jogoo mmoja mwenye mkia ulioungua, anawika kama mwenye nyumba. Maman Emérence, mwalimu mstaafu, alimpiga video na kuiweka mtandaoni. Watu wa Bukavu walioko Bruxelles, Montréal na Johannesburg walicheka, wakalia, wakaisambaza. Maman Emérence hakulala. Alimfungulia jogoo ukurasa wake. Ukituma mchango, jogoo anawika mbele ya kamera na jina la umpendaye linasomwa. Watu walilipa jogoo awaamshe wakwe zao. Pesa yote iliingia kwenye akaunti ya simu moja, ambayo Ulrich aliijua namba ya siri, na kesho ingenunua mabati ya waliounguliwa. Leo jogoo mwenyewe anauzwa mnadani, mubashara, kwenye ukumbi wa parokia huko Nyalukemba.

Wizi nao una ngazi zake. Huu ulikuwa wa ngazi ya chini kabisa, na wote watatu walijua.

"Yaya, ile falanga ni ya batu ya hapa kwetu," Héritier alimwambia dada yake. "Maman Bintu na batoto yake banalala kwa classe ya shule."

"Batu ya Ulaya batatuma ingine."

"Mi pia nilitumaka kidogo. Jogoo aliwika jina yako."

Ulrich alikohoa. Olive alimwendea mdogo wake, akamweka sawa kola ya shati.

"Héritier. Nani alikulisha?"

"Ni weye."

"Nilikudanganya siku gani?"

"Hata siku moya."

"Basi hii njo ya mwisho. Unanunua jogoo. Batu banakuchezesha, macho yote iko kwako. Ulrich anabadilisha telefone ya michango ku mesa, ya kweli anaipitisha mu kitunga ya jogoo. Unatoka, unapanda pikipiki, unaenda Mudaka. Kwa parcelle yetu. Tutakukuta kule."

"Juu ya nini Ulrich hapana toka nayo mu mufuko?"

"Papa Pascal mulinzi anapekua batu yote ya comité ya michango kwa mulango," Ulrich alijibu. "Na mi niko mu comité. Mununuzi, hapana. Mununuzi banamupigia vigelegele."

Alisema hayo akiangalia sakafu. Héritier alidhani ni aibu.

Mudaka, nje ya mji, kwenye kile kiwanja chao, ndiko roho ya Héritier ilikokuwa. Mama yao alipofariki, Olive aliacha shule akasuka vichwa vya watu ili mdogo wake ale. Yeye ndiye mama, yeye ndiye baba. Sasa amemwahidi nyumba: vyumba viwili, mashamba ya maharage mbele, wizi basi. Héritier alikwisha kuamua mlango utazame wapi. Kwa ajili ya nyumba ile na dada yake ndani yake, angeiba hata kengele ya kanisa.

SAA NANE NA NUSU MCHANA

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mbele, simu ya kamera juu ya mguu wake. Pembeni, meza yenye simu ya michango, inalialia kila mchango unapoingia. Ulrich amekaa nyuma ya meza, waya shingoni, uso wa mtumishi wa Mungu. Papa Pascal mlinzi yuko mlangoni. Jogoo yuko kwenye kikapu, ambacho Ulrich alikitoa kama zawadi.

Olive alikuwa safu ya nyuma. Miwani myeusi, kitenge kichwani hadi kwenye nyusi. Mama mcha Mungu kabisa.

SAA TISA KAMILI

Papa Marcellin alinadi. Alikuwa na sauti ya kuuza hata mvua.

"Jogoo alishinda moto! Nani anapandisha? Johannesburg banapandisha! Bukavu, mumelala?"

Héritier alinyoosha mkono. Johannesburg wakapandisha. Héritier akapandisha tena, kwa noti alizopewa na Olive. Jasho likamtiririka mgongoni. Kamera ikamgeukia.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili! Jogoo ni ya kijana wa Kasha!"

Ngoma zikalia. Kina mama wakamzunguka, wakampangusa jasho kwa vitenge, wakamchezesha hadi mbele. Kwa pembe ya jicho aliona mkono wa Ulrich ukipita juu ya meza, kisha ukizama kwenye kikapu. Basi. Alipokipokea, kikapu kilikuwa kimeongezeka uzito. Jogoo alimtazama kwa jicho moja.

Akageuka kuelekea mlangoni. Hatua chache tu, pikipiki iko nje.

"Arudishe!"

Alisimama.

"Arudishe! Arudishe!"

Ukumbi mzima ukaitikia, watu wanacheka, wanapiga makofi. Ni desturi inayojulikana na kila mtoto aliyewahi kukaa kwenye mabenchi yale: anayenunua kwenye mnada wa kanisa hurudisha alichonunua, kiuzwe tena, mchango ukue. Anayeondoka nacho mara ya kwanza ataonekana bahili, au ataonekana na jambo. Héritier hakuwa amekanyaga kanisani tangu maziko ya mama yake. Hakujua.

Lakini Olive aliimba kwaya miaka mingi. Olive alijua.

Na sauti iliyoanza kupiga kelele ile, Héritier aliitambua. Ndiyo sauti iliyokuwa ikimwita kuja kula. Alimtafuta kwa macho. Dada yake alikuwa amesimama, anapiga makofi, anamwitikia kwa kichwa: ndiyo, rudisha.

Tangu lini Héritier alimkatalia? Alirudisha. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

"Mungu akubariki, mwana!" Papa Marcellin alisoma kwenye kioo cha simu. "Sasa Maman Virginie wa Bruxelles anapandisha! Anapandisha sana! Mara ya pili! Imeisha! Nani anamupokelea?"

"Ni miye, wifi yake," alisema Olive, ambaye hakuwa na wifi Bruxelles.

Alipita katikati ya watu, mikono imekunjwa kwa heshima. Akapokea kikapu. Akapita karibu na Héritier bila kumtazama, akamnong'oneza Papa Pascal jambo mlangoni, akatoka.

Héritier alijisikia fahari. Dada yangu ni kichwa, aliwaza. Ameona hatari, amebadilisha mpango, mzigo ameuchukua mwenyewe. Ulrich naye alifungasha waya zake, akapekuliwa, akatoka mikono mitupu. Héritier alimfuata dakika chache baadaye. Akawasha pikipiki, akangoja dada yake ajitokeze kwenye kona.

SAA TISA NA ROBO TATU

Mkono ulimkamata shingoni. Mwingine ukazima pikipiki.

Ndani, Maman Emérence alitaka kutangaza jumla ya michango. Simu iliyokuwa mezani haikuwa na kitu. Ilikuwa simu mbovu yenye kava lilelile.

"Telefone iko wapi?" Papa Pascal alimtikisa. "Sema!"

"Mi sina kitu! Munipekue!"

Walimpekua hadi soksi. Hawakupata kitu. Mtu alimpiga kofi. Mwingine, nyuma, alitaja petroli.

"Nani alisema ni miye?" Héritier alilia. "Nani aliona?"

"Ule maman wa kitunga. Wakati ya kutoka aliniambia: 'Papa, muchunge ule kijana wa pikipiki, iko anashikashika ku mesa.'"

Kofi la pili hakulisikia.

"Munipatie telefone yangu," alisema taratibu. "Nipige mara moya tu."

Alipiga namba ya Olive. Haipatikani. Akapiga ya Ulrich. Haipatikani. Akapiga tena ya Olive, maana moyo ni mjinga, na mashine ikamjibu vilevile kwa Kifaransa kizuri.

Sasa aliona yote. Hawakumhitaji kubeba simu. Walimhitaji kubaki. Umati ukishampata wa kupiga, hakuna anayewakimbiza waliotoroka. Iliuma kupita makofi. Mtu aliyemtafunia chakula alipokuwa mgonjwa alimtupa kwa watu wenye petroli, akiwa ametulia, na kitenge chake kichwani.

Maman Emérence alipenya katikati ya vijana. Alikuwa analia, lakini alisimama mbele yake, mgongo wake ukielekea kiberiti.

"Hapa hakuna kuchoma mutu. Tulishaona moto ya kutosha." Kisha akamgeukia. "Mwanangu. Ule mama unamujua?"

Kijana wa kamera alikuwa amefika. Matangazo hayakuwa yamezimwa. Watu wa Bruxelles, Montréal na Johannesburg walikuwa wanamwangalia mdomoni.

Angeweza kunyamaza. Miaka yote alinyamaza kwa ajili yake.

"Ni dada yangu," alisema. "Tumbo moja. Anaitwa Olive, iko na saluni kule Kasha. Telefone iko mu kitunga, chini ya jogoo. Olive iko pamoya na Ulrich wenu."

"Banaenda wapi?"

"Aliniambia tukutane Mudaka."

Papa Pascal alikuwa tayari anawapigia kelele waendesha pikipiki: Mudaka, Mudaka, haraka! Injini zikanguruma. Héritier alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Papa, Mudaka hapana. Kule alinituma miye, yeye hatakuwa kule." Akawaonyesha upande wa mto. "Ile kitunga ni ya kupita forodha: muende kwa mupaka ya Rwanda, ku Ruzizi. Mukimbie, asivuke."