Mswaki wa Marehemu

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni shangazi yetu mshonaji, mwaka ule macho yalipomlazimisha kuacha cherehani.

Mumewe alipofariki, hakuutoa mswaki wake. Ulibaki kikombeni, umeegemea wa binti yao, ambaye baba alizoea kumwita Kijino. Na kwa kuwa tangu waoane ndiye aliyempakia mumewe dawa ya meno kila asubuhi, aliendelea kuipaka. Ilikuwa kujiliwaza tu.

Asubuhi moja aliukuta umelowa, dawa imeisha.

Kesho yake, akiwa jikoni, alisikia mtu akisukutua bafuni kwa ule mgurumo wa injini inayogoma, waliokuwa wakimtania nao marehemu, na badala ya kukimbia akasimama na birika mkononi, akatabasamu.

Kisha Kijino akaanza kutema damu. Mswaki wake ulinuka udongo mbichi, nywele zimetanuka kama umetafunwa. Akanunuliwa mwingine, nao ukawa vivyo hivyo. Hospitali wakampa dawa, fizi zikazidi kuoza, na jino la mbele likadondokea kwenye chai.

"Mama," alinong'ona, "mbona baba anatumia wangu?"

Shangazi akamleta bibi mmoja mganga. Yule bibi alikinusa kikombe, akakirudisha upesi.

"Mumeo amepumzika, mwanangu. Huyu ni jini. Alikuta mswaki hauna mwenyewe, nawe ukamwandalia. Sasa anataka na mdomo. Uchome wakati anasukutua. Akikusemesha, usimjibu."

Alfajiri mgurumo ulipoanza, shangazi aliingia na kiberiti, akauwasha mswaki juu ya sinki, moshi ukanuka nywele zinazoungua, na kutoka ndani ya moshi ule sauti ya mumewe, ile ile ya chumbani, ikamwita kwa jina walilolijua wao wawili tu, ikimsihi asimzike mara ya pili, naye akauma mtandio wake, akauma, mpaka plastiki ilipobaki tone moja jeusi, ndipo neno likamponyoka.

"Nisamehe."

Mgurumo ukakatika. Fizi za Kijino zikapona.

Shangazi ametutoka, na bibi mganga pia. Kijino yu hai, anaishi peke yake. Mswaki wake huusuuza kwa maji ya moto, huuanika juani, wala hauweki kikombeni. Kila asubuhi huukuta umelowa.