Mafaili Matatu ya Mwisho

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mwaka 2008. Mercyline alikuwa chumbani kwao Satwa, katika mji wa Kiarabu walikokuwa wakifanya kazi, akipiga pasi gauni la kanisani, maana huko ibada huwa Ijumaa. Mumewe Clifford, mlinzi wa ghala huko Jebel Ali, alikuwa akinywa chai kwa chapati.

"Mama Nick, hebu nionyeshe hicho kipindi chako kabla hatujatoka," Clifford alisema.

Mercyline alikuwa mhariri katika studio ndogo ya vipindi vya Kiswahili. Wiki hiyo alimaliza kipindi kuhusu Robinah, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Uganda. Bosi wake, aliyemwita madam, alikuwa amemnyang'anya pasipoti na kumkataza simu. Robinah alikubali kuhojiwa kwa sharti moja: uso wake ufichwe na sauti ibadilishwe.

"Madam akinitambua, dada, nimekwisha," alisema. Mercyline alimwapia kwamba hatatambulika.

Sasa alichomeka flashi kwenye kompyuta, akafungua kipindi. Robinah akatokea. Macho yake, mdomo wake, kovu lake la kidevuni, vyote vilionekana waziwazi.

Mercyline akaisahau pasi. Gauni likaanza kutoa moshi.

"Si ulisema umemficha?" Clifford aliuliza, akiinyanyua pasi.

"Nilimficha! Hili ni faili la kwanza, kabla sijamficha."

Lakini faili hilo lilikuwa limeandikwa MWISHO. Kando yake palikuwa na MWISHO HASA, na MWISHO KABISA. Mwenyewe ndiye aliyeyabatiza majina hayo, akijiona mjanja. Jana jioni, akikimbilia basi, alituma faili moja kwa kituo cha runinga cha Nairobi, na jingine akaliweka kwenye tovuti ya studio. Yote yangetoka leo saa nane mchana. Alituma lipi wapi? Hakukumbuka hata kidogo.

Alimpigia Bi Kuruthum, mtunza mafaili wa studio. Bi Kuruthum alikuwa mtu wa Unguja, ameishi Deira miaka thelathini. Kila kazi ilipaswa kupita kwake kabla ya kutumwa. Jana Mercyline alimkwepa, maana aliona mama huyo anachelewesha mambo.

Kwa uhaba wa mabasi ya Ijumaa, saa saba ndipo walipokutana studio, zilikokuwa namba za Nairobi. Hapakuwa na mtu mwingine, kwa kuwa Ijumaa ni siku ya mapumziko.

"Umempa nani lipi?" Bi Kuruthum aliuliza.

"Sijui, Bi Kuruthum."

"Uliandika wapi?"

"Sikuandika."

Bi Kuruthum hakumfokea. Hilo lilimtisha Mercyline zaidi.

"Basi tuzuie yote. Ukiwa hujui, usibahatishe."

Kwanza waliondoa kipindi kwenye tovuti. Uso ulikuwa umefichwa, lakini sauti ilikuwa ya Robinah mwenyewe. Kisha Mercyline alipiga simu Nairobi. Ikaita, ikakatika. Akapiga tena, kimya. Akakosea namba, akaanza upya. Ilipobaki dakika ishirini, fundi mitambo aitwaye Awadh akapokea.

"Kaka Awadh, uso wa yule mama unaonekana?"

"Vizuri kabisa. Ana kovu kidevuni."

"Usirushe! Tafadhali lifute! Atapata shida kubwa!"

Awadh akalifuta, akaweka kipindi kingine. Mercyline akakaa sakafuni, akalia kwa hofu iliyokuwa bado haijamtoka.

"Khalas, yamekwisha, inuka tufanye kazi," Bi Kuruthum alisema. "Hili la uso wazi ni ghafi. Nalifungia peke yake kwa neno la siri, lisitumwe kwa mtu yeyote. Lililo tayari liwe moja tu. Ya runinga, ya tovuti, ya simu, nakala zote zitoke kwenye hilo moja."

"Niliite nani?"

"Liite lilivyo. ROBINAH, USO NA SAUTI VIMEFICHWA, kisha tarehe. Mwisho anaujua Mungu, mwanangu."

Mercyline akacheka huku machozi yakimtoka.

"Na ulitunze pahala pawili, kompyuta moja isije ikafa na kazi yako. Kabla ya kulituma, mtu wa pili alitazame lote. Halafu andika humu: lipi, kwa nani, saa ngapi." Akamsukumia daftari.

Walitazama pamoja, tangu mwanzo, bila kuruka hata sekunde. Mercyline akatuma upya, akaandika, Bi Kuruthum akatia sahihi. Kipindi kikapangiwa Jumanne.

Jumanne jioni simu ya Mercyline ililia. Alikuwa Robinah, akinong'ona kwa simu aliyokuwa ameificha ndani ya gunia la mchele.

"Dada, kipindi kimetoka. Nilikuwa naosha vyombo, runinga ya jikoni imewashwa, inashika kituo cha Nairobi. Madam akaja akasimama nyuma yangu."

"Ikawaje?" Mercyline aliuliza.

"Alitazama muda mrefu. Akaniuliza, huyu mwanamke ni nani, mbona analia hivi?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, simjui, madam."