Wageni wa Chini ya Mzimu

Mtaniambia nazeeka vibaya. Semeni tu. Haya yalitokea hapa hapa Kiegeani, na yalimpata mpangaji wangu Tekla, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Songea. Mama yake alikuwa kafa mwaka uliopita. Mimi mume kafa, wanangu wako Dar, simu hawapigi. Basi kila jioni tulikuwa tukila sahani moja. Nilimpenda yule mtoto.

Kazi yake ilikuwa kuchimba kwenye mzimu wa Bibi, pale watu wanapopeleka ubani na marashi tangu enzi za mababu. Alitaka kujua akina nani waliishi pale kabla Bibi hajaanza kuombwa. Akavipita vyetezo vya ubani vilivyovunjika, akapita udongo mtupu, akafika kwenye sakafu ya nyumba. Vibarua wakagoma. Msimamizi wao, Jumanne, alisema, "Bibi tunamjua, tunampigia hodi. Hao wa chini yake hata majina hatuyajui." Tekla akabaki shimoni peke yake.

Siku moja adhuhuri nikampelekea wali na pweza. Nikamkuta amechutama mbele ya mafiga matatu yenye majivu ya kale.

"Bi Swabaha, jiko hili lilikuwapo kabla ya Bibi!"

Nikampa sahani, mimi nikabaki ukingoni. Akamega tonge, akasema kama mtu yeyote aliyefunzwa adabu, "Karibu chakula."

"Starehe," nikamjibu, kukataa kwa adabu.

"Tumekaribia," akajibu mwingine.

Sauti ya kike. Ilitoka upande wa mafiga.

Loo! Tukatazamana. "Ni wewe?" akanong'ona. Nikatikisa kichwa. Kwenye wali pakatokea shimo la tonge. Kisha la pili. La tatu.

"Panda juu, mwanangu. Iache sahani."

"Siwezi. Nimewakaribisha mwenyewe." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Mwenyeji hainuki kabla ya wageni."

Nikamnyooshea mkono, hakuushika. Nikakimbia kumwita Jumanne. Robo saa haikufika tukarudi. Shimo lilikuwa tupu, limefagiliwa. Sahani yangu imeoshwa na kufudikizwa. Jumanne akagusa yale majivu, akauondoa mkono haraka. Yalikuwa ya moto.

Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Shimo likafukiwa.

Tangu hapo nakula peke yangu. Kila adhuhuri namsikia Tekla jikoni, kwa sauti ya chini, "Bi Swabaha, karibu chakula." Nasema "Starehe," ananyamaza. Neno hilo tu ndilo limeniweka hapa. Lakini jamani, nyumba imekuwa kubwa, na upweke unauma. Jana aliponikaribisha sikusema "Starehe."

Leo sijawasha moto kabisa. Jikoni nimekuta sahani mbili zimepakuliwa, wali unafuka mvuke. Moja ina shimo la tonge. Nyingine haijaguswa.

Nimekaa mkekani. Mikono nimeshanawa.