Karatasi Katika Mkoba wa Muuguzi

Karatasi ya mtihani ilikutwa ndani ya mkoba wa muuguzi saa nane na robo mchana, imekunjwa na kusukumwa chini ya boksi la chakula. Mwalimu alikuwa amehesabu karatasi zake, moja haipo, akaanza kupekua mikoba mbele ya darasa zima. Mtihani wa Kiingereza ulikuwa saa tisa. Bila cheti chake muuguzi asingeweza kwenda ng'ambo kuanza kazi aliyokwisha kuipata. Mwalimu akatamka palepale kwamba mama huyo hafanyi mtihani, leo wala siku nyingine.

Dawati la nyuma alikaa mzee waliyemwita Afande, mpelelezi mstaafu aliyejiandikisha kwa sababu wajukuu zake wa ng'ambo hawajui lugha nyingine kwenye simu. Roho ilimuuma. Muuguzi ndiye aliyekuwa akimwokoa kila siku. Mwalimu yule alikuwa na mtindo wake: maneno yanayochanganya wanafunzi aliyafundisha kwa mikono. Ukisema borrow, yaani kuazima, unavuta mkono kifuani; ukisema lend, yaani kuazimisha, unausukuma mbele. Nje ya darasa lile hakuna aliyefanya hivyo, watu wangekuona umechanganyikiwa. Afande aliyageuza kila siku, na muuguzi alimwonyesha chini ya dawati bila kumcheka.

Afande aliomba apewe muda hadi saa tisa. Mwalimu akakubali shingo upande.

Mzee alianza na meza ya mwalimu. Droo ilikuwa imefungwa, kufuli zima, na ufunguo haujawahi kutoka shingoni mwa mwalimu. Afande akapiga magoti, na umri ule, weee, si mchezo. Ubao wa nyuma wa droo ulishikwa na skrubu nene, mikwaruzo yake mipya kabisa. Mwalimu akaeleza kwamba karatasi ziliwekwa humo jana asubuhi, na jioni mume wa muuguzi, ambaye ni seremala, alikuja kurekebisha mguu wa meza, bure.

Lakini kulikuwa na kinyozi, mwanafunzi mwenzao. Mchana huu alionekana akitoka darasani peke yake, na mfukoni alikuwa na bisibisi. Afande alimbana mpaka jasho likamtoka. Kinyozi akakiri kwamba aliivuta droo, ikagoma, akaondoka na aibu yake; ameshafeli mara mbili na mkewe hajui. Bisibisi yake ilikuwa ya kufungulia mashine za kunyolea, nyembamba mno kwa skrubu zile. Tena aliyefeli mara mbili akiipata karatasi ile ataisoma. Ataipelekaje kwenye mkoba wa mwenzake?

"Leo nani ameushika mkoba wako?" Afande alimuuliza muuguzi.

"Hakuna, mzee. Mume wangu tu. Ndiye aliyenifungia chakula."

Mume alikuwa kwenye benchi ukumbini, akimsubiri mkewe kama kawaida yake. Afande akamuuliza kama mama husoma nyumbani.

"Sitaki kumwaibisha," seremala alisema, "lakini kitabu hagusi. Na mimi mambo ya darasa lenu siyajui hata kidogo."

Afande akaketi kando yake na kuanza kulalamika kwamba leo atafeli, kichwa chake kimeshakuwa kibuyu. Akasema lend, akauvuta mkono kifuani. Kusema kweli, hata yeye hakuwa na hakika kama amekosea makusudi. Seremala akatikisa kichwa, na kabla hajajizuia, mkono wake ulikuwa umeshausukuma upepo mbele.

Wote wawili wakautazama mkono ule.

"Anasoma na wewe," Afande alisema taratibu. "Kila siku. Ulijua kabisa hana haja ya kuiba. Sasa kwa nini umenidanganya?"

Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, mwalimu nyuma yake. Seremala alipomwona mkewe, akasema yote: jana mwalimu alipotoka kunawa mikono, alifungua ubao, akachomoa karatasi moja, na leo akaifunga pamoja na chakula.

"Jirani yetu naye alimsindikiza mkewe kwenda ng'ambo hivihivi," alisema. "Simu zikapungua, kisha zikakatika. Nimekufanyisha mazoezi mwaka mzima, mama. Niliona kabisa kwamba utafaulu. Nikaogopa."

"Ungeniambia tu, baba watoto."

"Ningekuambia, ungebaki?"

Mwalimu, macho chini, akamwomba muuguzi radhi na kumwambia kiti chake kipo. Mama akaingia darasani.

Afande naye alikuwa akiitwa kwenye mtihani. Alikawia kidogo pale benchini, kwa sababu seremala alikuwa analia, na hapakuwa na mtu mwingine wa kukaa naye.