Maria wa Ghorofa ya Tatu

Kabla ya adhana ya alfajiri, kijiko kiligonga sufuria kwenye jiko la jirani. Fridah alijua ni Maria, mfanyakazi wa ndani wa nyumba ile, aliyelala wa mwisho na kuamka wa kwanza.

Fridah alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliishi mtaa wa Malaz, mjini Riyadh, Saudia, na mama yake, Rita, ambaye alikuwa muuguzi kutoka Kenya. Dirisha la jikoni lao lilitazamana na la akina Maria. Soksi ya Fridah ilipodondoka kutoka kwenye kamba, Maria aliivuta kwa ufagio, akairudisha ikiwa imekunjwa vizuri.

"Asante, Maria!" Fridah alisema, akakimbilia basi la shule.

Alasiri moja ya mwaka 2018, Fridah alimkuta mama mgeni langoni pamoja na Protus, mlinzi wa jengo. Protus alikuwa amempa mgeni kiti chake na maji baridi.

"Mafi Selipher hapa, hayupo kabisa, Mheshimiwa," Protus alisema. "Wakenya wa jengo hili nawajua wote."

"Mama yake ndiye aliyenituma. Selipher alimwambia anakaa Malaz, juu ya duka la mikate, kama hili la hapa chini. Mkataba wake umekwisha na waajiri wake hawamruhusu kurudi nyumbani. Sasa hata simu yake haipatikani."

"Wewe ni mheshimiwa wa wapi?" Fridah aliuliza.

"Naitwa Roseline. Mimi ni mwakilishi wa wadi kule Mau, Kenya. Kwa kabila ni Mwogiek."

Protus akacheka. "Ahaa! Kumbe Ndorobo!"

Mgeni akaweka chupa ya maji chini. "Rudia."

"Nilitania tu, mama."

"Ndorobo ni jina tulilobandikwa na watu waliotuona maskini kwa kuwa hatukuwa na ng'ombe. Tulikuwa na msitu na mizinga ya nyuki! Siku tuliyofukuzwa msituni, waliochoma nyumba yetu walituita hivyo hivyo. Nikaja huku Saudia, Jeddah, mtaa wa Al-Hindawiyah, kufanya kazi za ndani. Madam akasema Roseline ni jina gumu. Aliyenitangulia aliitwa Maria, basi na mimi nikawa Maria. Mtu mzima, mwenye watoto, ninaitwa jina la mtu mwingine! Niliporudi Kenya nikagombea kiti cha wadi. Wakanicheka: Ndorobo atawakilisha nani, nyuki? Nikapita nyumba kwa nyumba, nikashinda. Siku ya kuapishwa nilitamka jina langu lote, polepole."

Fridah aliinua macho kwenye madirisha ya juu. "Ghorofa ya tatu kuna Maria," alisema.

"Huyo ni Maria tu," Protus akasema. "Madam wake humwita hivyo."

"Na yeye mwenyewe hujiita nani?" Mheshimiwa akauliza.

Hakuna aliyejua. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Fridah alipanda ngazi mbio, akafungua dirisha la jikoni. "Dada! Samahani. Jina lako hasa ni nani?"

Maji ya bomba yakafungwa.

"Selipher," sauti ikasema, kwa woga. Kisha kwa nguvu zaidi: "Selipher Chebet."

Jioni ile Mheshimiwa alirudi na afisa wa ubalozi wa Kenya, wakapanda ghorofa ya tatu pamoja na Fridah, Rita na Protus. Madam alifungua mlango kidogo. "Mafi Selipher."

"Niko hapa!" mtu akaita kutoka ndani.

"Yupo," Rita akasema, akasogea mbele. "Mimi jirani ni shahidi."

Madam alinung'unika, akataja ikama, kile kibali cha ukaazi, akataja kazi iliyobaki. Mwishowe, afisa alipomkumbusha kuwa mkataba umekwisha, akaitoa pasipoti ya Selipher. Selipher alipotoka, Rita alimfunika mabegani kwa shuka yake mwenyewe.

Fridah alikuwa akilia. "Nilimwita Maria kila siku."

"Waliomnyang'anya jina ndio wenye kosa kubwa," Mheshimiwa alimwambia. "Lakini wewe nawe ulikuwa na mdomo wa kuuliza, na leo umeutumia. Mtu akifichwa jina, hata mama yake hawezi kumpata. Kila unayekutana naye, mwulize anaitwaje, kisha mwite hivyo."

Protus alibeba mkoba wa Selipher hadi kwenye teksi.

"Mheshimiwa Roseline, naomba radhi kwa lile neno."

"Nimekusamehe. Usilirudie."

Protus aliufunga mlango wa teksi taratibu, kisha akainama dirishani.

"Tafadhali, mama, uje tena kututembelea. Jengo lile linalofuata lina Maria wawili."